Unasindikiza mgonjwa Delhi? Usiishie gesti: uzi wa masoko na majengo, mtaa kwa mtaa

Mwanatanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Humu jukwaani swali hili halikauki: "Nampeleka mzazi Delhi kwa matibabu, nikiwa kule nitembee wapi, ninunue wapi?" Majibu huwa mistari miwili: nenda Karol Bagh, jihadhari na matapeli. Hapo mtu hajasaidiwa. Mji ule naufahamu na naupenda, na inaniuma kuona Mtanzania anakaa gesti ya Hauz Rani siku nenda siku rudi akisubiri majibu ya vipimo, hajaona kitu. Siku ya kuondoka dereva anampakia hadi "duka la serikali" ambalo serikali haihusiki nalo kabisa, anauziwa shali ya nailoni kwa bei ya sufi.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: ipange Delhi kwa mitaa. Ukiandika orodha ya vivutio kumi na kukodi teksi ya kutwa, nusu ya siku itaishia kwenye foleni za magari, na nusu iliyobaki dereva atakupitisha kwenye maduka yanayompa kamisheni. Chagua mtaa mmoja, ona majengo yake asubuhi, fanya manunuzi sokoni kwake mchana, rudi kwa mgonjwa wako jioni. Metro ikufikishe, miguu ikutembeze.

Metro ya Delhi ilianza Desemba 2002 na leo inafika karibu kila mahali nitakapopataja. Chukua kadi ya kujaza salio, utaepuka foleni ya tiketi. Mlangoni begi linapita kwenye mashine na watu wanapekuliwa, wanawake upande wao na wanaume upande wao. Behewa la kwanza kwa mwelekeo wa treni ni la wanawake peke yao. Mwanaume akikutwa humo anatozwa faini. Mistari inaitwa kwa rangi. Anayekaa Saket, Hauz Rani au Malviya Nagar yuko kwenye mstari wa njano, na huo ndio bora kuliko yote kwetu: treni moja inakupeleka Qutub Minar upande wa kusini, na upande wa kaskazini INA, Rajiv Chowk, stesheni kuu ya New Delhi, Chawri Bazar na Chandni Chowk.

Jambo la pili ni siku za mapumziko, maana wengi wanapoteza safari hapa. Jumapili maduka mengi ya Chandni Chowk, Sadar Bazar, Connaught Place, Khan Market na Nehru Place hufungwa. Jumatatu hufunga Karol Bagh, Lajpat Nagar na Sarojini Nagar. Jumatatu hiyo hiyo Ngome Nyekundu, Hekalu la Yungiyungi na hekalu la Akshardham nazo hazifunguliwi. Na anayetaka kuchomoka hadi Agra kuona Taj Mahal ajue kwamba Ijumaa imefungwa.

Naendelea chini.

Mwanatanga

Anzeni na kilicho mlangoni kwenu. Kutoka Saket, Qutub Minar ni stesheni inayofuata. Mnara wenyewe una urefu wa mita 72.5, wa mawe mekundu yaliyochongwa aya za Kurani kuuzunguka. Ulianzishwa na Qutb-ud-din Aibak mwishoni mwa karne ya 12, mkwewe Iltutmish akauendeleza. Juu hakupandwi tena: mwaka 1981 taa zilizimika ndani ya ngazi, watu wakakanyagana, wengi wao watoto wa shule waliokuja kutembea, na mlango ukafungwa moja kwa moja. Uani kuna nguzo ya chuma yenye umri wa miaka 1,600 hivi ambayo imepigwa na mvua zote hizo na haijaliwa na kutu. Wataalamu wa madini wanaeleza kwamba chuma chake kina fosforasi nyingi, inayojenga utando unaoikinga. Viwanja vyake vina nyasi na kivuli, kwa hiyo hata mgonjwa aliyepata nafuu anaweza kukaa akapumua hewa tofauti na ya wodini. Nendeni asubuhi mapema.

Kiingilio kisikushtue. Majengo makubwa ya kale yana bei mbili, ya mwenyeji na ya mgeni. Mwenyeji analipa rupia zisizofika hamsini, mgeni takriban 600. Ukinunua mtandaoni kupitia idara yao ya mambo ya kale unapunguziwa kidogo. Raia wa nchi jirani zao wanalipa bei ya mwenyeji, sisi hatumo.

Dada wa Kariakoo

Mwanatanga, shukrani sana kwa uzi. Mimi nina dukani kwangu vitambaa vya sherehe na vifaa vya bibi harusi. Nampeleka mama mwezi ujao, nataka nirudi na mzigo kidogo. Kila mtu ananiambia Karol Bagh. Ndiyo kwenyewe?

Mwanatanga

Dada, Karol Bagh ni pazuri kwa mtu anayetaka gauni moja zuri la harusi, tena wewe mwenyewe utalivaa. Pale barabara ya Ajmal Khan utachagua hadi uchoke. Kwa mfanyabiashara, fika Delhi Kongwe. Nitakueleza kwa urefu, maana sehemu hii ndiyo moyo wa mji.

Shuka Chandni Chowk kwa mstari wa njano, au Lal Qila kwa mstari wa zambarau. Mji huu wa zamani ulijengwa na mfalme Shah Jahan, yule wa Taj Mahal, alipohamisha makao yake kutoka Agra. Ngome Nyekundu ilianza 1638 na kukamilika 1648. Barabara ya Chandni Chowk yenyewe ilipangwa na binti yake, Jahanara, na mpaka leo, miaka zaidi ya 370 baadaye, watu wanafanya biashara kwenye mpango wa mwanamke huyo. Mimi kila nikipita pale namkumbuka.

Kama hujawahi kuingia Ngome Nyekundu, ingia kwanza, asubuhi kabla maduka hayajachangamka. Humo ndimo mfalme wa mwisho wa Wamughal (ukoo huo huo wa Shah Jahan), Bahadur Shah Zafar, alimoshtakiwa na Waingereza mwaka 1858 na kupelekwa uhamishoni Rangoon. Na juu ya lango lake la Lahori ndipo waziri mkuu wa India anapohutubia taifa kila Agosti 15. Ukitoka, uso uelekee magharibi, tembea. Tangu 2021 magari hayaruhusiwi kwenye barabara kuu ya Chandni Chowk kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tatu usiku, kwa hiyo utashindana na riksho za baiskeli na wapagazi tu. Kwa mwendo usiofika kilomita mbili unapita hekalu la Wajaini lenye hospitali ya ndege, hekalu la Wahindu la Gauri Shankar, gurudwara (hekalu la Masingasinga) ya Sis Ganj iliyojengwa mahali ambapo Guru Tegh Bahadur wa Masingasinga aliuawa mwaka 1675, na mwisho wa barabara msikiti wa Fatehpuri. Mji mwingine wenye dini nne kwenye barabara moja fupi namna hiyo mimi sijauona.

Sasa vichochoro, dada, maana kila kichochoro kina bidhaa yake:

Kinari Bazaar ndiyo ya kwako. Lesi, taraza, shanga, vifungo, utepe wa dhahabu, vilemba vya bwana harusi, vishada vya kupambia ukumbi. Ni chembamba, watu wawili wakipishana wanageuka ubavu. Wanauza rejareja lakini uso wao unabadilika ukiuliza bei ya roli zima. Katra Neel ni ya vitambaa vyenyewe: hariri, brokedi, shifoni, kwa mita au kwa jora. Dariba Kalan, inayoungana na Kinari, ni ya fedha na vito. Uliza bei ya gramu kabla ya kuuliza bei ya kidani. Nai Sarak ni ya vitabu vya shule na vyuo. Ballimaran ni ya miwani na viatu. Bhagirath Palace ni ya taa na vifaa vya umeme, kwa jumla.

Namna ya kununua. Ukiingia duka la jumla unaketishwa kwenye godoro jeupe, viatu unaviacha mlangoni, unaletewa chai. Chai hiyo ni heshima, kunywa, haikufungi kununua. Watakufunulia majora ishirini bila kununa. Usiseme bei yako mapema. Waombe wakuandikie bei ya kila aina kwenye karatasi, uondoke nayo, upite maduka mengine mawili matatu, kisha urudi kwa uliyempenda. Karatasi ile ndiyo silaha yako, kwa sababu mwenye duka anajua umeshalinganisha. Mawinga wa barabarani watakushika mkono na kusema "njoo, kiwanda chetu kiko huku juu". Wale ni kama wa kwetu Kariakoo: bei yao inaongezwa kwenye bei yako. Ingia mwenyewe.

Hariri ina alama ya serikali yao iitwayo Silk Mark, kibandiko kinachoning'inia kwenye kitambaa. Kisipokuwepo, omba uzi mmoja uuchome. Hariri halisi inanuka kama nywele zinazoungua na inabaki majivu yanayosagika. Ya plastiki inayeyuka na kuganda kidonge kigumu. Shali za pashmina, yaani sufi laini ya mbuzi, kadhalika. Kile kipimo cha kuipitisha shali kwenye pete msikiamini, shali yoyote nyembamba inapita.

Pwani Yetu (Mombasa)

Ndugu Mwanatanga, umeniacha hapo Fatehpuri na hujatupeleka Khari Baoli! Hiyo iko nyuma tu ya msikiti.

Mwanatanga

Nilikuwa naja huko, ndugu yangu. Khari Baoli ni soko la viungo la jumla, na watu wa pwani hatuna udhuru wa kulipita. Magunia ya pilipili, iliki, mdalasini, binzari, pilipili manga, matunda makavu, wapagazi wanapita mbio na gunia kichwani wakipiga kelele uwapishe. Vumbi la pilipili hewani litakukohoza, hata wenyeji wanakohoa, kwa hiyo mwenye pumu akae mbali au avae barakoa nzito.

Angalia magunia ya karafuu. India inatumia karafuu nyingi kuliko inayolima, na nyingine inatoka Zanzibar, Komoro na Madagaska. Korosho ghafi za Mtwara na Lindi nazo nyingi hupelekwa India kubanguliwa. Mbaazi pia: wakulima wetu wa kusini na Manyara wanakumbuka 2017, India ilipoweka kikomo cha kuingiza mbaazi na bei ikaporomoka vijijini kwetu. Yaani mkulima wa Newala na mpagazi wa Khari Baoli wamefungwa kamba moja, na hawatajuana maisha yao yote. Mimi nikisimama pale huuliza kila gunia limetoka wapi, na wauzaji wanafurahi kujibu.

Cha kununua pale: iliki, zafarani ya Kashmir kwa gramu kutoka duka lenye risiti, na matunda makavu. Karafuu acheni, nyumbani tunazo.

Pwani Yetu (Mombasa)

Nami niongezee ya chakula na ibada. Jama Masjid iko karibu, unaweza kutembea kutoka Chawri Bazar, na ina stesheni yake mstari wa zambarau. Shah Jahan aliijenga kati ya 1644 na 1656, na uani wanaenea waumini 25,000. Watalii wanatolewa saa za swala. Muislamu anayekwenda kuswali anaingia kama kawaida. Vaeni nguo za kusitiri, na jiwe la uani mchana linaunguza, vaeni soksi.

Mkabala na geti namba moja kuna kichochoro cha mgahawa wa Karim's, uliopo tangu 1913. Kebabu, nihari, mkate wa tanuru. Nyama halali mtaa mzima. Ukiwa hutaki nyama, rudi Chandni Chowk kwenye kichochoro cha paratha, huko ni mboga tupu, wanakaanga chapati zilizojazwa viazi, maharage, hata ndizi. Watu wetu wenye kisukari waangalie jalebi zisiwashinde.

Alhamisi jioni nendeni dargah ya Nizamuddin Auliya, walii aliyefariki 1325. Hapo wanaimba kawali mbele ya kaburi. Mshairi Amir Khusrau amezikwa hatua chache kutoka kwake. Njia ya kuingia ina watu wa kukulazimisha ununue maua na wengine wa kukutaka uwaachie viatu kwa pesa. Pitilizeni hadi mlangoni kabisa.

Mama Junior

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza dhahabu. Dada yangu alinunua bangili huko, sonara wa Dar akamwambia si karati aliyoambiwa. Nitajuaje?

Mwanatanga

Marahaba dada. Pole kwa dada yako. Kwa sasa India sheria iko wazi. Tangu Aprili 1, 2023 kito cha dhahabu kinachouzwa dukani kinatakiwa kiwe na mhuri wenye vitu vitatu: nembo ya pembetatu ya shirika lao la viwango BIS, namba ya usafi (916 ni karati 22, 750 ni karati 18), na namba ya utambulisho inayochanganya herufi na tarakimu, jumla sita, inayoitwa HUID. Pakua programu ya BIS Care, ingiza ile namba, itakuonesha kito hicho kimesajiliwa kama kitu gani na kwa usafi gani. Fanya hivyo ukiwa bado dukani, kabla ya kulipa. Mwenye duka akikasirika, ondoka.

Halafu uliza gharama ya ufundi kando. Bei ya dhahabu ya siku inajulikana kwa wote, faida yao iko kwenye ufundi, na hapo ndipo pa kupatana. Kama kidani kina mawe, uzito wa mawe utolewe kwanza. Chukua risiti inayoonesha gramu, karati na ufundi kila kimoja kwenye mstari wake.

Na kwa bidhaa za kawaida zilizofungashwa, kuanzia maji ya chupa hadi dawa ya meno, tafuta herufi MRP kwenye pakiti. Hiyo ni bei ya juu kabisa inayoruhusiwa kisheria. Ukitajiwa zaidi ya hapo, mwoneshe kwa kidole. Hiyo MRP inaokoa pesa nyingi kwa wanaokaa gesti na kununua mahitaji kila siku.

Msomi wa Noida

Mimi nasoma huku, naomba nichangie kwa wenye bajeti ya mwanafunzi.

Sarojini Nagar ndiyo kwa nguo. Nyingi ni mabaki ya viwanda vinavyoshona kwa ajili ya Ulaya na Marekani, utakuta lebo imekatwa lakini mshono ni ule ule. Angalia zipu na kwapa, nyingine zilikataliwa kiwandani kwa kasoro. Wikiendi kunafurika, simu weka mfuko wa mbele. Lajpat Nagar ina nguo za Kihindi za bei ya kati, viatu, na wachoraji hina wanaokaa na viti vyao kando ya njia. Jirani kuna mikate ya tanuru ya Waafghanistani, mikubwa kama sinia. Kompyuta na vipuri nendeni Nehru Place. Vitabu vya udaktari na uhandisi, Nai Sarak, kuna matoleo yanayochapwa kwa ajili ya India ambayo bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya Ulaya. Jumapili kuna soko la vitabu vya mitumba Mahila Haat, karibu na stesheni ya Delhi Gate. Lilikuwa barabarani Daryaganj mpaka 2019.

Simu za Gaffar Market, Karol Bagh, sizishauri kwa mgeni. Kubadilisha kioo sawa, kununua hapana.

Mpenda Safari (Goma)

Asanteni wote. Mimi niko Kongo, nataka kumleta mke wangu kwa upasuaji. Lakini nilisikia Waafrika wanapigwa huko. Mtuambie ukweli.

Msomi wa Noida

Kaka, ukweli wote. Mwaka 2016 Mkongomani aliyekuwa mwalimu aliuawa mtaa wa Vasant Kunj, na 2017 wanafunzi Wanaijeria walishambuliwa Greater Noida na kundi la watu. Hayo yalitokea, na sisi tunaoishi huku hatujayasahau. Kwa kila siku unachokutana nacho ni kukodolewa macho, kupigwa picha bila ruhusa, mwenye nyumba kukukatalia chumba, dereva wa bajaji kukutajia bei mara tatu. Inachosha. Sitakuambia uizoee.

Kinachosaidia: tumia Uber au Ola usiku badala ya kusimama barabarani, usitembee peke yako vichochoro usivyovijua baada ya saa tatu, hifadhi namba ya ubalozi wenu, na namba ya dharura nchi nzima ni 112. Vile vile nimekutana na watu waliompisha kwenye foleni mama wa Kiafrika kwa sababu anaumwa, na majirani walioniletea chakula nilipolazwa. Mlete mke wako. Hauz Rani utakuta Waafghanistani, Wairaki na Waafrika wengi, wote wana mgonjwa ndani, wanasaidiana.

Mwanatanga

Ahsante Msomi kwa kusema kama ilivyo. Kaka wa Goma, Mungu amponye mama.

Nirudi kwenye matembezi, nimalizie sehemu ambayo mimi binafsi siwezi kumruhusu mtu wa Afrika Mashariki aikose. India Gate. Wengi wanapiga picha na kununua aiskrimu wakaondoka. Simama mbele ya tao, inua macho usome maandishi ya juu. Ni kumbukumbu ya wanajeshi wa India waliokufa Vita vya Kwanza vya Dunia, na kati ya mahali palipotajwa, pamoja na Ufaransa na Mesopotamia, ipo Afrika Mashariki. Mimi ni mtu wa Tanga. Novemba 1914 kikosi kilicholetwa kwa meli kutoka India kilishuka Tanga na kikashindwa vibaya na jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck, ambalo wengi wa askari wake walikuwa Waafrika. Makaburi ya vita yapo Tanga hadi leo, na watoto wetu wanapita hapo kwenda shule. Tao lile, lenye urefu wa mita 42, lililozinduliwa 1931, linawahusu watu waliolala kwenye udongo wetu. Nilitetemeka mwili nilipolisoma.

Kutoka hapo teksi fupi inakupeleka Gandhi Smriti, nyumba ambayo Gandhi alipigwa risasi Januari 30, 1948. Hakuna kiingilio. Nyayo za saruji zinaonesha hatua zake za mwisho kutoka chumbani hadi bustanini alipokuwa anakwenda kusali. Jumatatu wamefunga.

Kaburi la Humayun, mfalme wa Wamughal, karibu na Nizamuddin, lilijengwa karne ya 16 kwa amri ya mjane wake, na Taj Mahal ilifuata mtindo wake. Mfuko wa Aga Khan wa Utamaduni ulilikarabati na kazi ikakamilika 2013. Ndio hao hao walioitengeneza upya Forodhani ya Zanzibar mwaka 2009. Nikilazimishwa kuchagua jengo moja tu Delhi, nachagua hili. Nenda saa kumi jioni.

Hekalu la Yungiyungi, la Wabahai, ni la 1986, petali 27 za marumaru, bure, na ndani ni kimya kabisa. Waliofika Kampala wameona hekalu la dini hiyo hiyo kilimani Kikaya. Akshardham ni kubwa na la kisasa, lilifunguliwa 2005. Simu na kamera hazivuki geti.

Zawadi ndogo ndogo za nyumbani: nenda Dilli Haat, stesheni ya INA. Kuna kiingilio kidogo. Mafundi kutoka majimbo mbalimbali wanakodi vibanda kwa zamu, unanunua kwa aliyetengeneza. Kabla ya hapo pita Central Cottage Industries Emporium, barabara ya Janpath. Hilo ndilo duka la serikali la kweli, bei zimebandikwa, hazipunguzwi. Bei zake ziko juu kidogo, lakini ukishaziona, hakuna winga atakayekudanganya kwingine.

Dada wa Kariakoo

Kaka nimeandika kila kitu. La mwisho: pesa nibebeje, na kuna vitu nikivinunua vitanikwamisha uwanja wa ndege?

Mwanatanga

Dada, shilingi yetu haina mnunuzi Delhi. Beba dola safi zisizokunjwa, badilisha kwa wakala mwenye leseni, utunze risiti, maana utadaiwa hiyo risiti ukitaka kurudisha rupia kuwa dola. Noti kubwa ya kutumia ni ya 500. Ile ya 2,000 benki kuu yao ilianza kuiondoa Mei 2023, ukipewa kama chenji ikatae, na noti za 500 na 1,000 za kabla ya Novemba 2016 ni karatasi tu. Wenyeji wanalipa kwa simu kila mahali, hata muuza karanga, kwa hiyo chenji ni shida. Vunja noti zako asubuhi.

Uwanja wa ndege: kitu cha kale chenye miaka zaidi ya 100 hakitoki India kwa sheria yao ya 1972, kwa hiyo muuzaji akikuapia kwamba sanamu ni ya enzi za Wamughal, ama anakudanganya ama anakutafutia kesi. Shali ya shahtoosh imepigwa marufuku, inatokana na swala wa Tibet anayeuawa ili kupata manyoya yake. Dawa za mama ziwe na cheti cha daktari na zibaki kwenye boksi zake. Mzigo wa biashara ukizidi kilo za tiketi, zungumza na watu wa kago mapema, na udai ankara halisi kutoka kila duka, forodha ya kwetu wataiuliza.

Kadi ya homa ya manjano isibaki nyumbani. Chanjo ichomwe siku zisizopungua kumi kabla ya safari. Visa ya mtandaoni ina aina ya mgonjwa na aina ya msindikizaji, ombeni zinazostahili, msiombe ya utalii kisha mkaonekana hospitalini.

Na kwa kuwa mnakwenda mwezi wa kumi na moja: ubaridi utakuwa mzuri wa kutembea, ila hewa ndiyo mbaya kuliko miezi yote, moshi wa mashamba ya Punjab na Haryana unaungana na wa magari. Nunua barakoa za N95 hapo hapo kwenye duka la dawa, na kila asubuhi angalia kipimo cha hewa kwenye simu. Kikiwa kibaya sana, mama abaki ndani, wewe nenda Kinari Bazaar na urudi mapema.